Kwaya ya wake wa askari: sauti zinashuka, vyeo vinapanda

*Mshauri, salaam.*

*Mimi ni mke wa sajini, tunaishi kota za kambini, Kanda ya Ziwa. Mwezi wa pili wanawake wa hapa tulianzisha kwaya. Wengi waume zetu wako misheni ya kulinda amani nje ya nchi, tukaona badala ya kila mtu kujifungia ndani na mawazo yake, bora tukutane tuimbe. Tulianza 12, sasa tumefika 22.*

*Tulikuwa na mwalimu mzuri. Mwezi wa nne mumewe akapata uhamisho, wakaondoka ndani ya wiki moja, na daftari la nota likaondoka naye. Tangu hapo tunaburuzana. Tunatumia nyimbo za kanisani za sauti nne kwa sababu ndizo tunazozijua. Tumejigawa wenyewe, wengine ya tatu, wengine ya nne, lakini wimbo hautoki kama ule wa kanisani, inakuwa kelele. Tukifika ubeti wa tatu tumeshuka mpaka sauti ya chini hawana pa kwenda.*

*Jingine ni mke wa afisa mmoja. Anaimba solo zote. Hakuchaguliwa, alianza tu. Akitoka nje ya sauti tunaangaliana, hakuna wa kusema, maana mumewe ni mkubwa wa waume zetu. Wake wa askari wa vyeo vya chini wamejipanga nyuma wenyewe, na watatu hawaji tena. Wenzetu Waislamu walikuwa sita, wamebaki wawili. Mazoezi ni Jumamosi saa 9 alasiri.*

*Halafu kuna wimbo tunaoutunga wenyewe, wa kumsubiri mtu aliye mbali. Tukifika kiitikio mmoja analia, wa pili anafuata, wimbo unakufa. Tumeombwa kuimba kwenye sherehe za 1 Septemba hapa kambini, na sasa ni katikati ya Juni. Wengine wanasema tukatae. Tufanyeje?*

*Mama K., kambini*

Mama K., pole kwa kuburuzana, na hongera kwa kufika 22. Msikatae. Kutoka leo mpaka siku ya kuzaliwa kwa Jeshi mna majuma 11. Mkikutana mara moja kwa juma, saa moja na nusu, hizo ni kama saa 16 za mazoezi. Zinatosha nyimbo tatu. Hazitoshi sita, na atakayewaambia mwimbe sita hajawahi kufundisha kwaya ambayo nusu yake wana watoto mgongoni.

Umemweka mke wa afisa katikati ya barua. Mimi naanza na nota, kwa sababu kwaya isiyosikika vizuri hugombana hata kama wote ni malaika, na kwa sababu hilo linarekebishika juma hili hili.

Nyimbo mnazotumia zimeandikwa kwa wanaume na wanawake pamoja. Besi ya mwanamume, ile sauti ya nne, inakaa oktava nzima (kutoka do mpaka do nyingine) chini yenu, ndiyo sakafu ya wimbo. Mwanamke akiisoma ile so ya besi anaiimba oktava juu, na sakafu inahamia dirishani, katikati ya sauti ya kwanza na ya pili. Sauti ya tatu, ile ya tena (tenor), ndiyo mbaya zaidi. Ikipandishwa inaruka juu ya alto (sauti ya pili), na mahali pengine inapita hata sauti ya kwanza, kwa hiyo melodia inafunikwa na watu ambao kazi yao ni kuisindikiza. Hizo ndizo kelele unazozisikia. Hakuna aliyekosea, kila mtu kaimba alichoandikiwa.

Basi acheni sauti nne. Imbeni tatu: ya juu, ya kati, ya chini. Melodia iende juu kama ilivyo. Sauti mbili za chini mnazitengeneza kwa kodi tatu tu (kodi za muziki, yaani nota zinazoimbwa pamoja, si za TRA): ya do ina do, mi, so, ya fa ina fa, la, do, ya so ina so, ti, re. Melodia ikishika nota moja ya kodi, ya kati inachukua iliyo karibu chini yake, ya chini inachukua iliyobaki. Tazama kipande hiki kifupi. Alama ya mkato baada ya herufi ni oktava ya chini:

juu: m m f m r d
kati: d d d d t, s,
chini: s, s, l, s, s, m,

Do ikiwa G, nota ya chini kabisa hapo ni B, nusu sauti tu chini ya C ya kati (ile ya katikati ya kinanda), na karibu kila mwanamke mzima anaifika bila kukoroma. Ona pia kwamba sauti ya kati haitikisiki, imeshika do mara nne. Nota inayorudiwa hivyo ni rahisi kufundisha lakini ndiyo inayozama kuliko zote, nitaieleza. Nyimbo nyingi za beti zinakaa ndani ya kodi hizo tatu. Mkikuta mahali zinapokataa, imbeni sauti moja wote kwa hatua hizo mbili tatu, kisha mgawanyike tena. Masikio ya watu hupenda hivyo, na hakuna atakayejua kwamba mlikwama.

Kuna njia rahisi zaidi kwa wimbo mmoja kati ya zile tatu: mwitishaji anatoa mstari, kwaya inaitikia kwa sauti mbili, ngoma na kayamba chini. Hapo hata aliyeingia jana anaimba leo. Kwaya ya kambini lazima iwe na angalau wimbo mmoja wa namna hiyo wakati wote, kwa sababu watu wanakuja na kuondoka.

Kugawa sauti msitumie umri wala mwili. Mama mnene si lazima awe na sauti nzito. Mwiteni mmoja mmoja pembeni, aimbe do re mi fa so fa mi re do akianzia C ya kati, kisha mnapandisha nusu sauti, mnarudia, mpaka shingo ianze kukaza. Halafu mnaanza kwenye G na kushuka hivyo hivyo mpaka sauti igeuke pumzi. Aandikwe nota mbili: ya juu kabisa aliyoifikia bila kukaza na ya chini kabisa iliyosikika wazi. Anayeshuka mpaka G iliyo chini ya C ya kati, na ikasikika, huyo ni wa chini. Anayepita E ya juu bila kukaza ni wa juu. Waliobaki, ambao huwa wengi, ni wa kati, na kati yao mnachagua wenye sikio gumu kuyumbishwa. Mtu mmoja haichukui dakika tatu. Kwa watu 22 ningewapanga 6 juu, 7 kati, 9 chini, kwa sababu nota za chini za mwanamke hazisafiri mbali, zinahitaji watu zaidi ili zisikike, wakati sauti za juu nne tu zinaweza kujaza bwalo.

Sasa huko kushuka. Kwanza hewa: naamini mnaimba mmekaa kwenye viti vya plastiki, wengine na mtoto pajani. Mbavu zimebanwa. Kukaa ni kwa kujifunza nota, kuimba ni kusimama. Pili, mi na ti. Kila melodia inaposhuka kutoka fa kwenda mi, au do kwenda ti, waimbaji wanapiga hatua ndefu kuliko inavyotakiwa, kwa sababu hiyo hatua ni nusu sauti na mguu umezoea sauti nzima. Mkishuka hivyo kidogo kidogo mara kumi kwenye ubeti, ubeti wa tatu mko chini kwa sauti nzima. Nota inayorudiwa nayo, kama ile do ya sauti ya kati, kila inaporudiwa bila pumzi mpya inashuka unywele mmoja; waambieni kila wanaporudia waifikirie iko juu kidogo kuliko iliyopita. Tatu, mwendo. Wimbo wa huzuni ukiburuzwa hewa inaisha kabla ya mstari, na hewa ikiisha sauti inakaa chini.

Mtoa sauti, yule anayewapa nota ya kuanzia, awe na programu ya kinanda kwenye simu. Mwisho wa kila ubeti abonyeze do, msikie mmeshuka kiasi gani. Asibonyeze katikati, mtachanganyikiwa. Mkiona mnashuka palepale kila siku, jaribuni kuhamisha wimbo nusu sauti juu: kama Do ni F iwe F shapu, kama ni G iwe A flati. Inashangaza, lakini mara nyingi kwaya iliyokuwa inazama kwenye F inasimama imara kwenye F shapu, maana nota zilizokuwa zinaangukia pale sauti ya kifuani inapobadilika sasa zinaangukia mahali pengine.

Kuhusu mwalimu kuondoka na daftari: haikuwa bahati mbaya, ndivyo kambi ilivyo, na mwalimu mwingine naye ataondoka. Msitafute mwalimu mmoja. Tafuteni watatu: anayeongoza kwa mikono, msaidizi wake anayejua sauti zote, na mtoa sauti. Wawe ambao waume zao hawako kikosi kimoja wala hawategemei kuhama msimu mmoja. Nota zikae kwenye kaunta buku moja ambayo haiendi nyumbani kwa mtu, inabaki kwenye kabati la bwalo, na kila ukurasa upigwe picha kwa simu za watu wawili.

Kisha rekodini. Kila wimbo mafaili manne: ya juu peke yake, ya kati peke yake, ya chini peke yake, na wote pamoja. Mwimbaji mmoja, chumba chenye pazia na godoro ili mwangwi usiingie, simu umbali wa mkono mmoja, mwendo wa polepole kidogo kuliko wa kweli. Aanze kwa kutaja: "Wimbo wa pili, sauti ya kati, Do ni G." Unatumwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, hauli bando kubwa. Anayekosa mazoezi kwa sababu mtoto ana homa anajifunzia jikoni. Anayehama anaondoka na nyimbo zote tatu kwenye simu, na huko aendako akikuta wanawake wanane tayari ana pa kuanzia.

Katika kila sauti wekeni pia jozi: mwenye uzoefu anasimama nyuma ya mgeni, si mbele yake. Sauti inayotoka nyuma inaingia sikioni moja kwa moja; ya aliye mbele inakwenda kwa wasikilizaji. Mpango huu utawasaidia pia kuwaondoa wake wa vyeo vya chini safu ya nyuma, au kuwabakiza huko kwa sababu ya heshima: nyuma ni mahali pa waimbaji imara.

Nimefika kwa mke wa afisa. Msimwambie kwamba anatoka nje ya sauti. Hata kama ni kweli, hata kama ukitafuta maneno laini, jioni hiyo hiyo litafika kwenye masikio mawili ambayo hayakuwepo mazoezini. Badilisheni utaratibu, utaratibu hauna cheo. Juma lijalo tangazeni kwamba kwa ajili ya 1 Septemba kila mstari wa solo utasikilizwa upya. Wanaotaka wanachukua namba kwenye kikapu. Kwaya nzima inageuka kutazama ukuta. Mwimbaji anaitwa kwa namba, anaimba mistari minne ileile kwa Do ileile, anarudi kimya. Wengine wananyoosha vidole wakiwa wamegeuka hivyo hivyo, mtoa sauti anahesabu. Gaweni solo tatu kwa watu watatu, na kila moja iwe na wa akiba. Akishinda yeye, kashinda. Asiposhinda hakuna aliyemkataa, maana hakuna aliyejua ni nani. (Mtajua, bila shaka, sauti ya mtu inajulikana hata gizani. Lakini mna pa kusimamia.)

Na makosa yasahihishwe kwa sauti, kamwe si kwa mtu: "Sauti ya juu, mi imeshuka, turudie kutoka 'ikiwaka'." Hata kama aliyeshuka ni mmoja na kila mtu anamjua. Mnapoitana mle ndani iwe Mama Neema, Mama Rashidi, dada Zuhura. Isisikike "mke wa kapteni" wala "mke wa koplo".

Huyo mama mpeni kazi ambayo yeye tu anaiweza, tena ya kweli. Kuna barua ya kwenda kwa mkuu wa kikosi kuomba bwalo, siku, saa, na majina ya wote wanaoingia, pamoja na wale wa uraiani au wajane waliokwisha kuhama kota, ambao getini watahitaji kibali. Kuna usafiri mkialikwa nje. Kuna kuulizia ratiba ya sherehe ili msipangwe saa 7 mchana juani. Mfanyeni mlezi. Watu wengi wanaokamata maikrofoni wanachotafuta ni nafasi tu, na nafasi ikipatikana mahali pengine mkono unalegea.

Waislamu hawakuondoka kwa chuki, nadhani. Tazameni saa yenu: saa 9 mpaka 10 na nusu inakatiza sala ya alasiri, ambayo huku kwetu iko karibu na saa 10. Na nyimbo zote za kanisani. Na Jumamosi mmewafunga nje Wasabato pia, sijui kama mmegundua kwamba hamna hata mmoja. Jumapili ni ya makanisa. Chukueni Jumanne au Jumatano, kuanzia saa 10 na robo baada ya alasiri hadi saa 11 na dakika 45, mnamaliza magharibi haijaingia na giza halijawakuta na watoto njiani.

Nyimbo za dini ziacheni kwenye nyumba za ibada. Sisemi hivi kwa kuwaonea. Kwaya mkiwa nayo kanisani mtaimba mpaka mchoke. Hii ya kambini ichukue nyimbo za kubembeleza watoto, za harusini, za kuvuna na kutwanga, kila mmoja alete wa kwao. Mna Wasukuma, Wahaya, Wamakonde, Wazanzibari humo ndani, huo ni utajiri ambao kwaya ya mtaani haina. Anayejua kughani kaswida ana sikio na pumzi ambazo sauti ya kati inazihitaji sana. Waendeeni wale wanne nyumbani, wawili wawili, mkiwa na saa mpya na orodha mpya ya nyimbo mkononi. Ujumbe kwenye grupu hautoshi.

Mazoezi yenyewe yagawanywe hivi. Dakika 10 za kuamsha sauti: kupumua, midomo kutetemeshwa "brrr" kutoka so kushuka do, kisha mm ya midomo iliyofumba. Dakika 25 za wimbo mgumu, mkiwa na akili mbichi. Dakika 10 za maji na matangazo, si zaidi, matangazo hula kwaya nyingi kuliko ugomvi. Dakika 30 za kurudia, na 15 za mwisho kuimba moja kwa moja bila kusimama hata mkikosea. Watoto wapate mkeka kona ya nyuma na walezi wawili wa zamu. Wa zamu hasimami nusu mlangoni nusu kwaya, siku yake ni ya watoto.

Tuje kwenye wimbo wenu. Andikeni maneno kwanza, melodia baadaye, na yasemwe kwa makofi kabla ya kuimbwa. Mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho, na hiyo ndiyo iangukie pigo zito. Chukua mstari kama "Taa ya barazani nitaiacha ikiwaka." Mapigo yaangukie TA, ZA, A ya "nitaiAcha", na WA. Melodia ikimtupa mtu pigo zito kwenye "ni" ya barazani, msikilizaji atasikia neno asilolijua, na hapo ndipo nyimbo nyingi zilizotafsiriwa zinapokosea. Muwe macho pia na maneno kama nchi, nje, mke, mtu. Yana silabi mbili, na mkazo uko kwenye n au m ile ya mwanzo. Ipeni nota yake kamili, midomo imefumba, sauti inapita puani. Mkiimeza, "mke" linabaki "ke".

Uingereza kwaya ya wake wa askari ilianzishwa kambi ya Catterick mwaka 2010, na 2011 ile ya kambi ya Chivenor ikaonyeshwa kwenye televisheni ikifundishwa na kiongozi wa kwaya Gareth Malone. Maneno ya wimbo wao yalichotwa kwenye barua ambazo wake na waume walioko Afghanistan walikuwa wakiandikiana, mtunzi Paul Mealor akayawekea muziki, na Krismasi ya mwaka huo ukawa wa kwanza kwenye chati za huko. Hilo la barua liigeni. Kila mmoja aandike kwenye karatasi mstari mmoja aliowahi kuandikiwa au kuandika, bila jina, atumbukize kwenye kikapu. Mistari 22, mnachagua minane.

Ila yachujwe. Yasitajwe nchi waliyoko, kikosi, idadi, mwezi wa kuondoka wala wa kurudi. Hata video ya mazoezi msiiweke mtandaoni ikiwa nyuma kuna jengo la kambi, na kupiga picha ndani ya kambi mnajua wenyewe. Grupu la WhatsApp libaki la nyimbo. Habari za waliko waume, nzuri au mbaya, zina njia yake rasmi, na hakuna kitu kibaya kama mama kusoma la mumewe kwenye grupu la kwaya kabla hajagongewa mlango.

Kulia. Mtu akitaka kulia koromeo hupanda, ulimi unarudi nyuma, na pumzi inabaki juu kifuani. Hakuna sauti itakayopita hapo, na kujikaza kunazidisha. Kinachosaidia ni kinyume cha tunachofanya: toa hewa yote kwanza, taratibu, kama unapuliza chai, kisha acha taya lianguke, hewa mpya iingie yenyewe puani mpaka tumboni. Pumzi moja kama hiyo inashusha koromeo kiasi cha kumalizia mstari. Izoezeni kila siku mkiwa hamna huzuni, ili mwili uwe unaijua.

Halafu mazoea. Majuma mawili ya kwanza imbeni wimbo huo kwa "nu" tu, bila maneno, mpaka nota zikae mwilini. Juma la tatu semeni maneno kwa mapigo bila kuimba. La nne unganisheni, na siku hiyo mtalia. Pangeni hivyo, wimbo uwe wa kwanza baada ya kuamsha sauti, leteni maji na leso, lieni, rudieni mara tatu. Mara ya tatu wengi watakuwa wanaimba. Asiyeweza, anyamaze tu akiwa amesimama mahali pake, asitoke. Ndiyo maana nataka kila sauti iwe na watu wasiopungua sita: wawili wakinyamaza, wanne wanabeba. Kwa sababu hiyo hiyo pumueni kwa kupishana, asivute pumzi mtu na jirani yake mahali pamoja.

Kiitikio chenyewe kigaweni. Mstari mzito kuliko yote usiwe solo, na kama lazima uwe solo, mpeni ambaye mumewe yuko nyumbani mwaka huu. Anaimba kwa niaba, na sauti yake itafika mwisho. Siku ya sherehe usiwe wimbo wa kwanza wala wa mwisho, uwe wa katikati, ufuatwe mara moja na ule wa kuitikiana wenye ngoma. Macho yatazame juu ya vichwa vya watu wa safu ya mwisho. Msitazamane, hapo ndipo huanzia.

Msiba ukitokea kati ya sasa na Septemba, juma hilo mazoezi hayapo. Kwaya iende msibani kama wanawake, kusonga ugali na kukaa mkekani. Kuimba ni familia ikiomba. Nafasi ya mwenzenu kwenye safu isijazwe; atarudi au hatarudi, atasema mwenyewe.

Sare isiwatoe roho. Blauzi nyeupe ambayo kila mtu anayo, na doti moja ya kanga ya aina moja: kipande kiunoni, kipande mabegani. Mwenye hijabu avae nyeupe. Mweka hazina mmoja, mwenye daftari wa pili, kiwango kidogo na kisiwe sharti la kuimba. Mchango msiuchanganye na vikoba wala kutunzana. Mkopo usiolipwa hufukuza mwimbaji haraka kuliko sauti mbovu. Na mtu asije na wazo la kitambaa cha mabaka ya jeshi, hata kilemba. Raia haruhusiwi kuvaa, na ninyi, pamoja na kulala kambini, ni raia.

Siku yenyewe mjipange nusu duara, safu mbili, sauti ya chini katikati ili pande zote mbili ziisikie. Ombeni maikrofoni mbili kwenye stendi, hatua mbili mbele yenu, usawa wa paji la uso, na fundi mitambo aambiwe mapema azime mwangwi. Maikrofoni ya mkononi msiipokee hata kwa solo. Mwenye solo apige hatua moja mbele, akimaliza arudi. Mtoa sauti asimame ncha ya kulia, simu ikiwa imezimwa milio yote isipokuwa kinanda, aipe kila sauti nota yake kwa mm, mkono wa kiongozi upande, na mpumue pamoja mara hiyo moja tu.